Swali la Cape Kennedy, jibu la Ngomeni

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kimepangiwa kubomolewa. Juni 2024 shirika la anga la Marekani, NASA, liliipa kampuni ya SpaceX mkataba wa hadi dola milioni 843 wa kutengeneza chombo kitakachokisukuma kituo hicho, karibu na mwaka 2030, kiteketee kikishuka na mabaki yake yatumbukie baharini mbali na makazi ya watu. Ni zaidi ya tani 400 za mitambo. Watu wamekaa humo kwa zamu bila kukatika tangu Novemba 2000, na mataifa yaliyokijenga yamekitumia zaidi ya dola bilioni 100. Ndiyo maana swali la zamani limerudi mezani: je, kumpeleka binadamu angani kunastahili fedha za walipa kodi? Huulizwa kana kwamba ni swali la Houston na Moscow peke yao. Lakini sehemu nzito ya ushahidi ilirushwa kutoka baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, siku Kenya iliposherehekea miaka 7 ya uhuru wake, nasi wenyewe ni nadra kuutaja.

Mwanzo wa hadithi unajulikana: Sputnik mwaka 1957, Yuri Gagarin Aprili 1961, na wiki chache baadaye Rais John Kennedy akawaahidi Wamarekani kwamba wangemfikisha mtu Mwezini kabla ya muongo kwisha. Kisichosimuliwa sana ni mabishano ya tarehe 21 Novemba 1962, yaliyorekodiwa Ikulu ya Marekani na kutolewa hadharani miaka karibu 40 baadaye. Mkuu wa NASA, James Webb, alimweleza Kennedy kwamba safari ya Mwezini ni mojawapo tu ya kazi kuu za shirika, na kwamba kuyaelewa mazingira ya anga kuna uzito wake. Kennedy alikataa. Alisema kila kinachofanyika kifungamane na kuwatangulia Warusi Mwezini, la sivyo hakuna sababu ya kutumia fedha nyingi kiasi hicho, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuvutiwa sana na anga. Ni mwenye mradi huyo anayesema. Anayetaka kututhibitishia leo kwamba wanaanga walipelekwa kwa ajili ya elimu hana budi kuanza kwa kuijibu kanda hiyo.

Swali la gharama lilipata sura yake ya kukumbukwa tarehe 15 Julai 1969, mkesha wa kurushwa kwa Apollo 11. Mchungaji Ralph Abernathy, aliyerithi uongozi wa harakati za Martin Luther King baada ya King kuuawa mwaka uliotangulia, alifika Cape Kennedy akiongoza maandamano ya maskini, wengi wao Weusi wa majimbo ya kusini, wakiimba, na mbele yao nyumbu wa kukokotea mikokoteni ya shambani. Thomas Paine, aliyempokea Webb uongozi wa NASA, alitoka kwenda kuwalaki uwanjani, na siku mbili baadaye akaandika kumbukumbu ya mkutano huo, ambayo ndiyo inayotupa picha. Mawingu yalikuwa yametanda, radi ikinguruma kwa mbali, manyunyu yakidondoka. Abernathy alisema mtu mmoja katika kila watano nchini humo hana chakula, mavazi, makazi wala matibabu ya kutosha, na kwamba fedha za anga zingepaswa kuwalisha wenye njaa na kuwavisha walio uchi. Paine alijibu kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe kesho yake kungeuondoa umaskini Marekani, basi kitufe kisingebonyezwa. Aliongeza kwamba ufundi wote wa NASA ni mchezo wa watoto ukilinganishwa na ugumu wa matatizo ya wanadamu, akawaomba wawaombee wanaanga. Abernathy alikubali. Akapewa nafasi kwa familia kadhaa za wale maskini kushuhudia roketi ikiondoka.

Kwa zaidi ya nusu karne jibu la Paine limekuwa ngao ya kila bajeti ya wanaanga. Ni jibu la mtu muungwana, na lina ukweli ndani yake: safari za Mwezini zilipofutwa, hakuna aliyeonyesha ghala la unga lililojazwa kwa fedha zilizobaki. Lakini lilikwepa kipimo chenyewe. Kumlinganisha mwanaanga na mkate kunaharakisha mjadala kufika mahali ambapo kila upande una huruma na hakuna mwenye hesabu. Kipimo kinachofaa kiko ndani ya bajeti ya anga yenyewe. Shilingi moja ya umma iliyokwisha kutengwa kwa ajili ya anga inanunua nini ikimpeleka mtu, na inanunua nini ikipeleka mtambo? Hapo ndipo Ngomeni inapoingia, miezi 17 tu baada ya manyunyu yale.

Profesa Luigi Broglio wa Roma alikuwa amelileta jukwaa la Santa Rita, lililokuwa la kuchimbia mafuta, akaliweka katika ghuba ya Ungwana na kuliongezea jingine, San Marco, la kurushia roketi. Aliichagua pwani hiyo kwa hesabu: iko nyuzi kama tatu tu kusini mwa ikweta, mashariki yake ni bahari tupu, na roketi inayoelekea huko inasaidiwa na mzunguko wa dunia. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupata pia faida nyingine ambayo wanafizikia waliitamani, kwani hulikwepa kwa kiasi kikubwa eneo la mnururisho mkali lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo huvivuruga vipimo. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikafuata iliyobadilisha elimu ya nyota: chombo cha Marekani cha kilo 141 hivi, kikipaa juu ya roketi ya Scout yenye uzito wa tani kama 20. Saturn V, iliyobeba watu watatu kwenda Mwezini, ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kuongoza mradi wa setilaiti katika NASA, alikipa chombo hicho jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na sikukuu yao.

Kabla ya Uhuru, miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilichunguzwa kwa roketi ndogo zilizopanda na kuanguka, zikiwapa watafiti dakika chache tu kila safari, maana angahewa huizuia miale hiyo isifike chini. Mwaka 1962 mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ya namna hiyo wakitafuta eksirei za Mwezi, wakakuta badala yake chimbuko kali mbali kabisa na mfumo wa jua. Uhuru iliwapa zaidi ya miaka miwili ya kutazama. Ilipozimika mwaka 1973 ilikuwa imekusanya data za orodha ya vyanzo 339, mahali ambapo awali vilijulikana makumi machache. Ilionyesha nyota zilizokufa zikifyonza gesi ya nyota jirani, na gesi ya joto kali iliyojaa kati ya galaksi. Ilionyesha pia kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kinametameta kwa kasi ambayo kitu kikubwa hakiwezi, na wenye darubini za kawaida walipofuatilia, wakapata kitu cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kuwa ni shimo jeusi. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Mwaka huohuo wa 1970, NASA ilizifuta safari tatu za Mwezini kwa kukosa fedha, ingawa mpango wa Apollo ulikuja kufungwa ukiwa umekula dola bilioni 25.4 za wakati huo.

Watetezi wa wanaanga wana hoja, na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni mawe. Wanaanga wa Apollo walirudi na kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi, yaliyochaguliwa kwa macho ya binadamu, na safari ya mwisho ilikuwa na mwanajiolojia. Mitambo mitatu ya Urusi ya miaka hiyohiyo ilileta kwa jumla gramu zisizofika 350. Nakubali kwamba mwaka 1972 hakuna mtambo ambao ungefanya kazi ya mwanajiolojia huyo, Harrison Schmitt. Lakini mtambo umekua, na mwili wa mwanaanga unadai hewa, maji, chakula na njia ya kurudi kama ulivyodai wakati ule. China imeleta gramu 1,731 mwaka 2020 na gramu 1,935 mwaka 2024, hizi za mwisho kutoka upande wa Mwezi ambao hakuna mtu aliyewahi kuukanyaga. India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi Agosti 2023 kwa takriban dola milioni 75.

Ya pili ni Hubble. Darubini hiyo ilirushwa mwaka 1990 na kioo kilichokosewa kwa sehemu ndogo kuliko unene wa unywele, na Desemba 1993 wanaanga saba walikwenda kuitengeneza kwa mikono yao. Bila wao tungekuwa na aibu inayoelea. Mkuu wa kwanza wa taasisi ya sayansi ya Hubble alikuwa Giacconi huyuhuyu, kwa hiyo mtu wa Uhuru alifaidika na wanaanga, na kulificha hilo kungekuwa kukosa haki. Hata hivyo Hubble iliwekwa katika njia ya chini kwa sababu iliundwa itegemee vyombo vya Shuttle, na kila safari ya Shuttle, kwa wastani wa mpango mzima, iliwagharimu Wamarekani zaidi ya dola bilioni 1. Tangu Shuttle zistaafu mwaka 2011, baada ya safari 135 na vifo vya watu 14, hakuna aliyekwenda tena kuigusa. Darubini ya James Webb imekaa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, haifikiki kwa mtu yeyote, na inafanya kazi.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: kwamba bila watu hakuna bunge litakalotoa fedha, na mitambo hupata chakula chake chini ya meza ya wanaanga. Wanaoishikilia hutaja picha ya dunia ikichomoza nyuma ya Mwezi, aliyoipiga Bill Anders wa Apollo 8 mkesha wa Krismasi mwaka 1968. Mtambo wa Lunar Orbiter 1 ulikuwa umeipiga dunia picha kutoka huko mwaka 1966, na ni wachache walioguswa. Ni kweli, binadamu humfuata binadamu kwa moyo wake. Ila hiyo ni fahari, na fahari ya taifa iandikwe kwenye safu yake ya bajeti kwa jina lake, kama gwaride na uwanja wa michezo, wananchi waipigie hesabu wakijua wanachonunua. Ikiandikwa chini ya jina la sayansi, hula fungu la sayansi. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kukata fedha za sayansi za NASA kwa karibu nusu, na papo hapo kuongeza fedha za kupeleka watu Mwezini na Mirihi. Meza ile iliyosifiwa kwa makombo yake ilitaka kuchukua na sahani.

Ngomeni yenyewe ilirusha setilaiti ya mwisho Machi 1988. Majukwaa yamebaki baharini, kituo cha mawasiliano cha nchi kavu kikaendelea chini ya Waitaliano kwa jina la Broglio, na serikali mbili zikajadiliana mara kwa mara juu ya fungu la Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilianzishwa mwaka 2017. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani kutoka kile kituo kinachongoja kubomolewa, na hilo hutajwa kama faida yetu kutoka kwa wanaanga. Lakini Taifa-1 iliifuata Aprili 2023 kwa roketi isiyo na mtu, ikarushwa kutoka California. Nchi iliyokuwa na mlango wa anga mbele ya mashua zake za uvuvi ilikwenda kupanga foleni ng'ambo ya bahari. Kizazi kizima cha Wakenya kinazijua nyayo za Neil Armstrong na hakijui kwamba neno la Kiswahili ndilo lililoufungua ukurasa wa mashimo meusi, na hilo ni kosa la wenye mitaala na wenye makumbusho.

Mjukuu wa Uhuru bado yu hai. Chandra, darubini ya eksirei ambayo Giacconi na Harvey Tananbaum waliipendekeza mwaka 1976, ilitolewa angani na wanaanga wa Shuttle ya Columbia Julai 1999, kisha ikasukumwa mbali hadi mahali ambapo hakuna Shuttle ingeweza kuifuata, na imekuwa ikifanya kazi huko bila fundi wa kuigusa. Kuiendesha kuligharimu takriban dola milioni 68 kwa mwaka, na Machi 2024 NASA ilipendekeza kuipunguzia fedha hizo hatua kwa hatua hadi zibaki dola milioni 5 na kidogo. Miaka miwili kabla, Mkaguzi Mkuu wa shirika hilohilo alikuwa ameliambia Bunge la Marekani kwamba kila moja ya safari nne za kwanza za Artemis, mpango wa kuwarudisha watu Mwezini, itagharimu dola bilioni 4.1. Safari moja ya namna hiyo ingeiendesha Chandra kwa miaka 60.