Nuru na Uzito: Habari ya Lenzi Ndefu

Zilipowekwa lenzi mbili juu ya meza, katika duka moja la vyombo vya picha mjini Dar es Salaam, nami nimesimama mbele yake na fedha niliyoidunduliza kwa miaka miwili katika harusi za watu na mechi za uwanja wa Mkwakwani, kwetu Tanga, nilidhani kuwa shauri lililonikabili ni shauri la bei tu; kumbe lilikuwa shauri lenye umri mkubwa kuliko duka lile, na kuliko kiwanda kilichoziunda lenzi zenyewe, na kuliko baba wa babu yangu. Zote mbili zilikuwa za Canon, zote zimekwisha kutumika na wengine, zote zimepakwa rangi nyeupe ya maziwa, na zote huvuta kutoka milimita 70 hata milimita 200, hivyo kwamba mtu asiyezizoea angezidhani kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Lakini moja ilikuwa na alama ya 2.8, na ya pili ilikuwa na alama ya 4. Na nilipoziinua kwa pamoja, kila moja na mkono wake, mkono wa kulia ulishuka.

Lenzi ile ya mkono wa kulia ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1995, na uzito wake ni gramu 1,310. Ya kushoto ilitoka mwaka 1999, na uzito wake ni gramu 705. Tafauti hiyo yote yatokana na zile tarakimu mbili, na hesabu yake si ngumu. Ukigawa 200 kwa 2.8 utapata milimita 71, na huo ndio upana wa tundu linalopitisha nuru katika lenzi nzito. Ukigawa 200 kwa 4 utapata milimita 50, mfano wa mdomo wa kikombe cha kahawa ya barazani. Upana mmoja haukuzidi sana upana wa pili, lakini eneo la duara la kwanza ni maradufu ya eneo la duara la pili, na kwa ajili hiyo lenzi nzito hupokea nuru mara mbili ya ile nyepesi. Jioni, jua linapoinamia ukuta wa uwanja, mchezaji ambaye lenzi ya kwanza humkamata kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, lenzi ya pili humtaka atulie kwa sehemu moja ya mia mbili na hamsini. Na kwa kuwa mchezaji hatulii, mguu wake hutoka katika picha kama moshi. Basi anayetaka nuru sharti anunue kioo kipana, na kioo kipana ni kizito, na kizito ni ghali. Hiyo ndiyo kanuni, na tangu watu walipoanza kutazama mbali kwa msaada wa kioo hakuna aliyeikwepa bila ya kulipa.

Ilimu ya nuru ina mababu wengi, na mkubwa wao ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi mjini Kairo katika karne ya 11, ambaye katika Kitab al-Manazir alibainisha kwamba jicho halitoi miali ya kwenda kuvigusa vitu, bali nuru ndiyo inayotoka katika vitu na kuingia machoni. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, na maarifa yake yakawafikia wanachuoni wa Ulaya, akiwamo Johannes Kepler, ambaye mwaka 1611 alieleza jinsi kioo kilichobenuka kikiungana na kioo kilichobonyea, kwa masafa maalumu baina yao, vinavyoweza kutoa taswira kubwa zaidi ya ile ambayo kioo cha kwanza kingeitoa peke yake. Maneno hayo yalilala katika vitabu kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, kwa sababu wakati huo haikuwapo kamera ya kuyahitaji.

Kamera ilipodhihirishwa kwa walimwengu huko Ufaransa mwaka 1839, wapiga picha hawakukawia kuona kwamba kila kilicho mbali hutoka kidogo kama punje ya mtama. Aliyetaka kukikuza alihitaji lenzi yenye masafa marefu, yaani umbali mrefu baina ya kioo na pale taswira inapotua, na katika zama hizo lenzi ya masafa ya milimita 600 ilitaka sanduku lenye urefu wa milimita 600, yaani zaidi ya hatua nusu ya mtu mzima, likasimama juu ya miguu mitatu na kutikiswa na kila upepo. Mwaka 1891 Mwingereza Thomas Rudolphus Dallmeyer aliirudia ile kanuni ya Kepler, na karibu wakati huo huo Adolf Miethe mjini Berlin na Adolph Steinheil mjini München waliifikia kila mmoja kwa njia yake. Kioo cha mbele hukusanya miali na kuiinamisha. Kioo cha nyuma, kilichobonyea, huichelewesha kukutana, kana kwamba imetoka mbali zaidi kuliko ilivyotoka. Na matokeo yake ni lenzi fupi yenye kazi ya lenzi ndefu. Walilolishinda mafundi hao ni urefu wa chombo tu. Uhaba wa nuru ulibaki pale pale, kwa maana nuru kidogo iliyoingia ilitandazwa juu ya taswira kubwa zaidi, kama samli ya chapati moja inapopakwa juu ya chapati nne.

Hapo ndipo habari hii inapoingia katika nchi zetu. Miongoni mwa watu wa mwanzo kuleta lenzi za namna hiyo katika nyika za Kilimanjaro na nchi ya Wamasai alikuwa Mjerumani Carl Georg Schillings, na safari yake ya mwaka 1903 na 1904 ndiyo iliyompatia jina, kwa kuwa alirudi kwao na taswira za simba na wanyama wengine wakiwa hai katika makazi yao, jambo ambalo watu wa Ulaya walikuwa hawajalizoea. Mchana lenzi ndefu zilimtaka jua kali na stahamala kubwa. Usiku alimfunga ng'ombe au punda kuwa chambo karibu na maji, akatega kamera pamoja na unga wa magnesiamu, na mnyama mwenyewe alipougusa uzi, unga ukawaka na picha ikapigwa. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka 1905, na jina lake lamaanisha kwa lugha yetu kwamba kazi hiyo ilifanywa kwa mmweko na kwa bunduki, maana vyote viwili alivitumia. Lakini baadaye alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti ya kutaka wanyama wahifadhiwe, na hilo ni la kumshukuru.

Ila kuna jambo ambalo picha zile hazilionyeshi. Kamera za namna hiyo zilitumia vipande vya kioo badala ya filamu, na kila picha ilikuwa ni kipande kimoja cha kioo, chenye uzito wake na udhaifu wake. Fauka ya hayo zilikuwapo dawa za kusafishia picha, mahema, miguu mitatu, na lenzi zenyewe ndani ya masanduku. Yote hayo hayakwenda nyikani kwa gari wala kwa reli, bali yalikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu, Wanyamwezi na watu wa mrima na wenzao wa bara, waliokuwa wamekwisha kuifanya kazi hiyo katika misafara ya pembe na vitambaa kabla ya Mjerumani kufika. Mzigo wa mpagazi ulikadiriwa kuwa ratili 60 hadi 70, na 70 ni frasila mbili kamili. Msafara kama wa Schillings ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia. Kwa hiyo bwana wa kamera hakuwa na haja ya kujiuliza, kama nilivyojiuliza mimi dukani, ni lenzi ipi nzito na ipi nyepesi. Wahenga wamesema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyechagua hakubeba, na aliyebeba hakuulizwa, na aghalabu jina lake halikuandikwa chini ya picha ambayo shingo yake ndiyo iliyoifikisha mahali pake.

Hali hiyo haikubadilika upesi. Mwaka 1909 alikuja Cherry Kearton kutoka Uingereza, akapiga sinema katika Kenya ya leo, na mwaka huo huo Arthur Radclyffe Dugmore alizunguka nyika hizo hizo akitafuta faru na simba kwa kamera. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, walipiga kambi katika mlima wa Marsabit, kando ya ziwa waliloliita Paradiso, kuanzia mwaka 1924 hata 1927, na vyombo vyao vilisafiri kwa magari pamoja na wapagazi. Kwa hao wote uzito ulikuwa ni hesabu ya ujira wa watu, haukuwa maumivu ya bega.

Mageuzi yalikuja kwa njia ya udogo. Leica ilipoanza kuuzwa mwaka 1925, kamera ikawa ni kitu cha kutiwa mfukoni, na mpiga picha akaanza kutembea peke yake. Hapo uzito ulimrudia mwenyewe, na lile shauri la nuru likawa ni lake kweli kweli. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, kampuni ya Zeiss ilitengeneza lenzi ya milimita 180 yenye alama ya 2.8, ili wapiga picha wawakamate wakimbiaji hata penye mawingu, na lenzi hiyo, iliyoitwa Sonnar ya Olimpiki, ilikuwa kipande kikubwa cha chuma na kioo mbele ya kamera ndogo. Alama yake ndiyo ile ile niliyoikuta dukani.

Katika nchi yetu mfano ulio bora ni wa Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 kuwapiga picha sokwe ambao Jane Goodall alikuwa akiwachunguza tangu mwaka 1960. Anayeijua Gombe ajua kwamba milima yake yapanda kwa ghafla kutoka ufuoni mwa Ziwa Tanganyika, na kwamba chini ya miti yake nuru ni haba hata adhuhuri. Mahali hapo hudai lenzi pana na wakati huo huo humwadhibu anayeibeba. Baadaye aliishi miaka mingi Ndutu, pembezoni mwa Serengeti, ambako nyika ni wazi, jua ni jingi, na gari ndilo lililokuwa mpagazi wake. Basi mahali ndipo palipompa hukumu: msituni aligombana na nuru na uzito pamoja, nyikani vyote viwili vilimlegezea kamba.

Wakati huo huo mafundi walikuwa wakiihangaikia lenzi ya kuvuta, yaani ile ambayo masafa yake hubadilika kwa kuzungusha pete bila ya kubadilisha lenzi nzima. Mwaka 1932 Waingereza waliitoa Varo, lenzi ya sinema iliyovuta kutoka milimita 40 hadi 120. Mwaka 1959 ikatoka Zoomar, iliyobuniwa na Frank Back na kuuzwa na Voigtländer wa Ujerumani, ambayo ni ya kwanza ya namna yake kwa kamera za picha za kawaida, na mwaka huo huo Nikon wa Japani wakatoa lenzi ya kuvuta ya mbali, kutoka milimita 85 hadi 250, yenye uzito wa karibu kilo 2. Ugumu wake ulikuwa ni huu: katika lenzi ya kuvuta vioo vya ndani husogea, na kila vinaposogea njia ya kila mwali hubadilika, na makosa yaliyosahihishwa mahali pamoja huzuka mahali pengine, hata hesabu zake ziliwachosha watu wenye kalamu, mpaka zikasaidiwa na kompyuta. Wapiga picha wengi walizidharau kwa miaka mingi, wakisema kuwa picha zake hazina ukali, na dharau hiyo haikuondolewa kwa maneno bali kwa lenzi zilizokuwa bora kuliko zile zilizozitangulia.

Rangi nyeupe nayo ina sababu, si pambo. Canon walijifunza kuyaotesha ndani ya tanuru madini ya fluoraiti, yakatoka safi kuliko yachimbwavyo ardhini, na kioo cha madini hayo huzikusanya rangi za nuru mahali pamoja kwa namna ambayo kioo cha kawaida hakiwezi. Lakini fluoraiti hutanuka upesi ikipata joto, na ndiyo sababu tangu mwaka 1976 lenzi kubwa za kampuni hiyo zilipakwa nyeupe, zipate kulirudisha jua, kama kanzu ya mtu wa pwani. Ile lenzi ndogo ya gramu 705 ina kioo kimoja cha fluoraiti ndani yake. Basi wepesi wake haukuwa ni unyonge.

Nilipokwisha kuyafikiri hayo, nilimwomba mwenye duka anipe siku tatu, nikarudi Tanga. Kamera za siku hizi huandika ndani ya kila picha saa iliyopigwa na masafa ya lenzi iliyotumika, nami nilikaa usiku mmoja nikizipitia picha zangu za miaka mitatu, nikiziacha zile nilizozitamani na kuzihesabu zile tu zilizonilipa au zilizonipa fahari. Niliona kwamba sehemu kubwa yake zilipigwa nje, kabla ya saa kumi na moja jioni, nikiwa nimetembea kwa miguu au nimebanwa ndani ya daladala. Na zile za gizani, katika kumbi za harusi, nilizipiga kwa taa. Laiti ningekuwa mtu wa mpira wa usiku au wa ndege wa alfajiri, hesabu hiyo ingenihukumu vingine, nami ningeikubali. Ningebeba gramu 1,310, yaani karibu ratili tatu, na nisingeunung'unikia uzito wake, maana nuru ikikosekana siku ya kazi hailetwi na ushujaa wa mtu.

Kwa hiyo namwambia msomaji anayesimama leo mbele ya meza kama ile: usiulize ni lenzi ipi iliyo bora, kwa kuwa zote mbili ni bora, na watu wenye ilimu walizitaabikia kwa zaidi ya karne moja. Zihesabu picha zako mwenyewe, utambue kilicho haba zaidi katika kazi yako, ni nuru au ni nguvu za bega, kisha ukinunue hicho. Mimi niliichukua ile nyepesi, na tangu siku hiyo naibeba mwenyewe.