Masafa: Kugawa, Kugawana na Kutumia Pamoja

Neno masafa lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya umbali, na hiyo ndiyo maana anayoifahamu kila msafiri. Katika taaluma ya mawasiliano limepewa maana nyingine, yaani idadi ya mitetemo ambayo wimbi la redio hufanya kwa sekunde moja, inayopimwa kwa hezi. Masafa yote yanayofaa kwa mawasiliano, yakichukuliwa kwa jumla, huitwa wigo wa masafa, na jina hilo linafaa sana, kwa kuwa wigo kwa asili ni ua, na hakuna ua usio na mwisho.

Ugumu uko kwenye kitenzi cha kueleza jinsi wigo huo unavyotumiwa. Kugawa ni kazi ya mwenye mamlaka: mataifa, kupitia Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, hutenga bendi, yaani sehemu ya wigo huo, kwa ajili ya huduma fulani, kama megahezi 87.5 hadi 108 zilizotengewa redio za FM, kisha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya humpa kila mwenye leseni masafa yake, ndipo Egesa FM na Minto FM, zote za lugha ya Ekegusii, zikatangaza bila kuzibana sauti. Watumiaji wengi wanapokutana katika bendi moja, wengine husema wanagawana, na hapo ndipo istilahi inapopotosha. Ndugu wa kaunti ya Nyamira wakigawana shamba la baba yao, kila mmoja huondoka na kipande, na kila kizazi kipande huzidi kuwa chembamba. Masafa hayamegeki hivyo. Mawimbi ya FM huzuiwa kwa kiasi kikubwa na milima, kwa hiyo mtambo wenye nguvu ndogo upande mmoja wa vilima vya Manga, na mwingine bondeni ng'ambo, huweza kutumia masafa yaleyale. Vifaa vya Wi-Fi navyo husikiliza kwanza iwapo kuna mwingine anayetuma, vikasubiri zamu. Na huko Nanyuki, mwaka 2013, intaneti ilianza kupitishwa kwa majaribio katika nafasi za bendi ya televisheni ambazo hazikuwa na kituo chochote, pasipo kituo kunyang'anywa haki yake.

Kwa sababu hiyo, ugawaji ubaki kuwa jina la tendo la mamlaka, na hali ya wengi kutumia bendi moja iitwe matumizi ya pamoja ya masafa, istilahi ndefu kidogo, lakini isiyomfanya msomaji wa Nyamira afikirie vigingi vya mipaka pale ambapo hakuna kigingi.