Kibo, Mawenzi na Mti wa Mangi Meli: Nani Atatunza Kumbukumbu za Mlima?

Mwaka 1987 UNESCO iliiingiza Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro katika orodha ya urithi wa dunia kwa kigezo kimoja tu, yaani uzuri wa maumbile yake. Sina ugomvi na uzuri huo. Hoja yangu ni kwamba mlima huu ni kumbukumbu ya watu pia, na upande huo haukuandikwa.

Wachaga husimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Mawenzi, mvivu wa kutunza moto wake, alizoea kwenda kwa Kibo kuomba kaa. Siku moja alimkuta mwenzake akitwanga ndizi kavu; akapewa moto, akapewa na ndizi. Akaondoka, akarudi, akaondoka, akarudi tena, kila mara akidai moto umezimika. Uvumilivu ukamwishia Kibo, akainua mchi akampiga nao. Ndiyo maana hadi leo Mawenzi amechongoka na kupasukapasuka.

Wanajiolojia nao wanatwambia kwamba Mawenzi ni volkano mfu iliyoliwa na mmomonyoko, ilhali Kibo imelala tu, na katika kreta yake bado hufuka gesi. Moto umebaki kwa Kibo. Sidai kwamba wazee walisoma jiolojia. Nadai kwamba waliutazama mlima kwa makini, kisha wakautumia kuwafundisha watoto mpaka wa ukarimu na wajibu wa kila kaya kutunza jiko lake.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, wakakipa jina la Kaiser Wilhelm. Meyer aliteremka na jiwe. Sehemu yake alimtunuku Kaiser, ikapachikwa katika ukuta wa kasri huko Potsdam. Jina tulilifuta. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge pale juu, na kilele kikawa Uhuru.

Yapo yasiyofutika kwa kubadili jina. Kule Old Moshi umesimama mti ambao Wajerumani walimnyongea Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na wazao wake wamekitafuta kwa miongo mingi. Mgeni anayepanda Kibo kwa siku sita anaweza kuondoka Moshi bila kuusikia mti huo ukitajwa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye hatari. Jiwe lilipewa ukuta wa kulihifadhi, na mlima una askari wa hifadhi. Lakini ngano ya majirani wale wawili na habari za mti wa Meli zimehifadhiwa vinywani mwa wazee, kwa Kimochi, Kivunjo au Kimachame, ilhali wajukuu wengi wanazungumza Kiswahili peke yake. Tukidai fuvu lirejeshwe, kama inavyotupasa, tuulize pia litarudi kwa watu wanaokumbuka nini.

Shule za mkoa huu zinaweza kuanza muhula ujao: kila mwanafunzi amsikilize mzee mmoja, aandike kwa lugha ya mzee huyo na kwa Kiswahili, na daftari zihifadhiwe shuleni. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, ila haiwezi kungoja, maana wazee wenyewe hawatungoji.