Titaniamu Ilipopata pa Kukaa

Viroba vingi vya mchele na viti vingi vya plastiki tunavyovinunua sokoni vimetengenezwa kwa polipropilini. Bei yake nafuu ina historia, nayo inahusu mahali pa kuishikiza titaniamu.

Mwaka 1953, mjini Mülheim, Ujerumani, Karl Ziegler aligundua kwamba kloridi ya titaniamu ikichanganywa na kampaundi ya alumini huunganisha gesi ya ethilini kuwa plastiki bila mgandamizo mkubwa. Machi 1954, mjini Milano, Giulio Natta alijaribu kichocheo cha aina hiyo kwa gesi ya propilini, akapata polipropilini, plastiki imara yenye molekuli zilizojipanga vizuri. Kampuni ya Montecatini ilianza kuizalisha Ferrara, Italia, mwaka 1957. Mwaka 1963 wanasayansi hao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Viwandani, hata hivyo, kazi ilikuwa nzito. Kichocheo kilikuwa punje za kloridi ya titaniamu, na atomu za juu tu ndizo zilizokutana na gesi. Za ndani zilikuwa kama vibarua waliofungiwa stoo. Kichocheo kingi kilitumika, mabaki yake yakaganda ndani ya plastiki, ikalazimu kuyaosha kwa alkoholi. Kila hatua iliongeza gharama.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Montecatini na wale wa Mitsui Petrochemical ya Japani, akiwemo Norio Kashiwa, waliishikiza titaniamu juu ya kloridi ya magnesiamu. Ayoni za metali hizo mbili zinakaribiana kwa ukubwa, hivyo titaniamu ilikaa barabara juu ya fuwele, wazi mbele ya gesi. Kiasi kidogo cha titaniamu kikazalisha plastiki nyingi kuliko zamani.

Tatizo likawa ulaini: molekuli nyingi zilitoka bila mpangilio. Katika miaka ya 1970 dawa ilipatikana, nayo ni kuongeza esta maalumu zinazorudisha mpangilio huo. Viwanda vipya vikaacha kuosha plastiki.

Ziegler na Natta wanastahili heshima yao. Lakini walioifikisha polipropilini katika kila nyumba ni wale walioitafutia titaniamu mahali pa kukaa, na somo la kemia lisilowataja halijakamilika.