Kumzuru Lusinga, hadi Brussels

Mkazi wa Kalemie anayetaka kutoa heshima kwa Lusinga lwa Ng'ombe, mtawala wa Watabwa, ajiandae kwa safari mbili. Ya kwanza ni ya boti, kuelekea kusini kwenye Ziwa Tanganyika hadi Mpala, kisha apande milima ilikokuwa ngome yake. Ya pili inadai viza. Sanamu ya mababu ambayo Lusinga aliiheshimu imo katika makumbusho ya Tervuren, na fuvu lake limehifadhiwa katika taasisi ya sayansi asilia mjini Brussels.

Habari hizi zilisikika upya tarehe 30 Juni 2022, wakati manispaa ya Ixelles ilipoondoa bustanini sanamu ya Jenerali Émile Storms. Huku kwetu Storms aliitwa Bwana Boma. Alifika ziwani akiwa luteni wa chama cha mfalme Leopold II, akajenga kituo cha Mpala mwaka 1883. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Albertville, yaani Kalemie ya leo, ilikuja baadaye.

Ugomvi wa Storms na Lusinga haukuwa wa mwema na mwovu. Mtafiti Allen F. Roberts, aliyeishi na Watabwa miaka ya 1970 na kuandika kitabu kizima juu ya mkasa huo, anaonyesha watu wawili waliotamani kitu kimoja: kutawala ukanda huu wa ziwa. Lusinga alikuwa na bunduki, aliteka watu na kuwauza. Storms naye alikuwa na bunduki, rugaruga, yaani wapiganaji wa kukodi, na ndoto ya ufalme wake mwenyewe. Mafahali wawili hawakukaa zizi moja.

Tarehe 4 Desemba 1884 rugaruga wa Storms walipanda kwa Lusinga. Storms mwenyewe hakwenda nao. Wazee waliomsimulia Roberts walisema wageni hao walijifanya wamekuja kwa amani, wakacheza ngoma mbele ya mwenyeji wao, na katikati ya ngoma wakamuua. Kichwa kilikatwa na kupelekwa Mpala.

Storms aliporudi Ubelgiji alikichukua, pamoja na mafuvu ya watawala wengine wawili, Maribu na Mpampa. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé aliyapima ili kuthibitisha nadharia zake kuhusu mbari. Sanamu ya mababu, aliyoichukua pia, ilikaa miaka mingi sebuleni kwa Storms kama pambo. Baada ya kifo chake, mjane wake alitoa urithi huo kwa makumbusho ya Tervuren, na mwaka 1964 mafuvu yakahamishiwa Brussels. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux aliifufua kesi hiyo magazetini.

Sheria ya Ubelgiji ya 2022 inafungua mlango wa kurudisha vitu vilivyoporwa, lakini inaacha nje mabaki ya wanadamu. Hiyo si sababu ya Kalemie kukaa kimya. Shuleni watoto wetu wanafundishwa tarehe za wafalme wa Ulaya, huku wakipita kwenye boti chini ya milima ya Lusinga bila kuambiwa lolote. Hatumtaki awe mtakatifu, aliuza binadamu. Lakini maiti huzikwa kwao. Mkoa uandike barua, na wazao wa Lusinga washirikishwe kuamua aende wapi. Raia asilazimike kuomba viza ili kumzuru mzee wake.