Mkarafuu na Raketi: Uchovu na Majeraha katika Tenisi ya Ngazi ya Juu

Mchumaji wa karafuu kisiwani Pemba hulivuta tawi kwa upembo, taratibu, akaling'oa shada kwa vidole. Mwenye pupa huvunja tawi zima ili pakacha lijae upesi, na msimu unaofuata huilipia pupa hiyo. Mkarafuu nao, ukishazaa sana mwaka mmoja, aghalabu hupunguza mwaka wa pili, wala hakuna mkulima anayeuita mvivu. Makala haya yanadai kuwa mchezaji bora wa tenisi hutendewa kinyume cha mkarafuu: uchovu na majeraha yake si udhaifu wa nafsi, bali ni zao la ratiba.

Tuanze na hesabu. Mataji makuu ni manne: Melbourne, Paris, Wimbledon na New York. Bingwa wa kila moja hupata pointi 2,000, lakini pointi hizo hudumu wiki 52 tu, kisha hufutwa. Kwa hiyo bingwa hurudi mwaka wa pili akiwa mdaiwa. Akipumzika, hushuka, akicheza akiwa na maumivu, huyazidisha.

Dominic Thiem wa Austria alitwaa taji la New York mwaka 2020. Miezi michache baadaye alikiri kwamba, baada ya kulipata alilolifukuzia maisha yake yote, hamu ilikuwa imempungua. Juni 2021 akaumia kifundo cha mkono. Hakurejea tena kileleni, na alistaafu mwaka 2024 akiwa na miaka 31. Kwake moyo ulitangulia kuchoka, mkono ukafuata. Ashleigh Barty wa Australia aliondoka Machi 2022, akiwa namba moja duniani na mwenye miaka 25, miezi miwili tu baada ya kushinda nchini kwao, Melbourne. Alisema hana tena cha kutoa.

Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2019, linauhusisha uchovu wa aina hii na msongo wa kazi usiodhibitiwa, na halikuuorodhesha kama ugonjwa. Kwa hiyo tiba yake huanzia kazini.

Watetezi wa mfumo watasema kuna kinga: aliyekaa nje kwa jeraha angalau miezi sita huruhusiwa kuingia mashindanoni kwa nafasi yake ya zamani. Kweli, lakini kinga hiyo hutolewa baada ya tawi kuvunjika.

Wengine watamtaja John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 akaumia goti, lakini akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Heshima yake haipingiki. Hata hivyo, Akhwari alivumilia siku moja. Mchezaji wa tenisi hudaiwa uvumilivu huo kuanzia Januari hadi Novemba, kila mwaka.

Hoja hii inatuhusu. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la vijana la Wimbledon kwa wachezaji wawili wawili, na watoto wengi Afrika Mashariki watatamani njia yake. Walimu na makocha, Pemba na kwingineko, waandike siku za kupumzika kwenye ratiba kabla ya siku za mashindano. Mvunja tawi hachumi mara mbili.