Gobori, Marisau na Mwaka wa Habari

Wapanda farasi wa Afrika Kusini walifika Mlali tarehe 24 Agosti 1916, siku mbili kabla mji wa Morogoro haujatwaliwa. Tukitafsiri habari za mapigano hayo, wengi wetu huandika "gobori" kwa kila silaha kongwe. Ni kosa. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, lakini bunduki ya Kijerumani ya mfano wa 1871, iliyokuwa mikononi mwa kombania nyingi za askari vita vilipoanza mwaka 1914, ilitiwa risasi kwa nyuma, moja moja. Zilifanana kwa moshi tu, na moshi huo ulimfichua askari alipojibanza. Msomaji anayeambiwa "gobori" atauelewa moshi. Kasi ya kupiga hataielewa.

Katika habari za uwindaji twakosea kinyume chake: twaandika "bunduki" tu, ilhali lugha inayo "bunduki ya marisau", yaani itupayo chembe nyingi za risasi kwa pigo moja. Hata hiyo ina miaka yake. Marekani wapo wapiga shabaha washindanao kwa silaha za mtindo wa kabla ya 1900. Wao huikubali yenye mitutu miwili sambamba, lakini inayotema maganda yenyewe huikataa.

Twapendekeza "gobori" libakie kwa bunduki ya kushindilia, na "gumegume" kwa iwashwayo kwa cheche za jiwe. Kwa askari wa 1914 mfasiri aandike "bunduki ya mfano wa 1871", ingawa ni maneno matano.